Kopo Chini ya Sinki la Mzee Muasya

Mimi nina mdomo. Najua, na kama unataka ushahidi, uliza mtu yeyote aliyefanya kazi nami Ruiru miaka ile ya tisini. Nikikasirika sisubiri kesho. Kwa hivyo nikikwambia kuna mtu ninayemshukuru kila ninapofungua mlango wa maabara, ujue si yale maneno matamu ya matanga. Namshukuru kweli. Tena yeye mwenyewe yu hai, anafuga mbuzi kule Ngoliba, na akisikia nimemtaja atasema, "Kwani huyo Waithira hajaacha kelele?"

Anaitwa Mzee Muasya. Alikuwa muosha vyombo wetu wa maabara. Hiyo tu. Hakuwa na cheti, hakuwa na koti jeupe, alikuwa na aproni ya mpira iliyomfika miguuni na kikombe chake cha bati ambacho hakuna mwingine aliyethubutu kukigusa. Kabla ya kuja kwetu alikuwa ametia nguo rangi miaka kumi na tisa katika kiwanda kimoja Eneo la Viwanda Thika, mpaka kiwanda kikafunga milango. Kucha zake zilikuwa bado na ukingo wa buluu. Alikuwa akimaliza kuosha chupa anaiinua dirishani, anafunga jicho moja, anaiangalia kwa muda mrefu. Ikimridhisha anaiambia, "Haya, nenda kazini." Mimi nilikuwa nikimcheka. Miaka minne nilimcheka, na katika miaka hiyo minne sikuwahi kumweleza hata siku moja kile ambacho chupa zilikuwa zinaenda kufanya huko kazini.

Kituo chetu kilikuwa kidogo, nyumba ndefu ya mabati nyuma ya mji, na kazi yetu ilikuwa maziwa. Mkubwa wetu, Daktari Gachau, alikuwa na swali lake moja ambalo lilimnyima usingizi. Alitaka kujua kama maziwa ya ng'ombe wa kienyeji wa nyanda kavu yana kitu ambacho maziwa ya ng'ombe wa gredi, wale wa kizungu, hayana. Protini ya maziwa ukiikata vipande vidogo vidogo, kuna vipande vichache vilivyobeba fosfati, na hivyo vichache ndivyo vinavyoshikana na madini ya kujenga mifupa. Hivyo ndivyo Daktari alivitaka. Mashine ya kuvipima uzito hatukuwa nayo. Ilikuwa ng'ambo, kwa rafiki yake wa chuo.

Shida ni kwamba ukipeleka vipande vyote kwa ile mashine vikiwa vimechanganyika, vile vingi visivyo na fosfati vinapiga kelele na vile vichache havisikiki. Lazima uvitoe kwanza. Hapo ndipo kazi yangu ilipoanza. Nilikuwa na chupa moja tu ya punje laini, ndogo kuliko mchanga, ambazo Daktari alizileta kwa mkono kutoka safari. Unazijaza kwenye bomba dogo la kioo, unazinywesha maji ya chuma mpaka zinageuka rangi ya chai iliyopungukiwa majani. Chuma kinapenda fosfati. Ukipitisha vipande vya maziwa juu yake vikiwa kwenye asidi kidogo, vilivyo na fosfati vinang'ang'ania, vingine vinapita na kwenda zao. Halafu unamimina maji ya magadi kidogo, vilivyong'ang'ania vinaachia, unavikusanya. Kando kuna kalamu inachora kwenye karatasi inayosonga. Kilima cha kwanza, kikubwa, ni vile vinavyoondoka. Kilima cha pili, kidogo, ndicho dhahabu.

Machi ya tisini na saba, kilima cha pili kilikataa kutokea.

Jumatatu nilipitisha sampuli ya ng'ombe wa kienyeji. Kilima cha kwanza kikaja, kikubwa kuliko kawaida. Nikamimina magadi, nikangoja. Kalamu ikatembea kwenye karatasi imelala kabisa. Jumanne nikarudia, nikazipa punje chuma kipya, nikapima kila kitu upya. Imelala. Na sampuli zenyewe zilikuwa za ng'ombe mmoja wa Ngoliba ambaye kwa ule ukame alikuwa ameshakauka maziwa. Nikabaki na mrija mmoja wa sampuli, wa kutosha kujaribu mara moja tu.

Daktari Gachau alikuja akasimama mlangoni. Si mtu wa kupayuka, na hapo ndipo anapotisha.

"Waithira, Ijumaa napanda ndege. Nikienda mikono mitupu, mradi umekwisha," akasema. "Na kabla sijaondoka nataka karatasi mezani kwangu ina jina la aliyeharibu. Wafadhili hawakubali kwamba kitu kimeharibika chenyewe. Kuna mtu ataenda nyumbani."

Akaondoka. Mkataba wangu ulikuwa wa mwaka kwa mwaka, nilikuwa nimepanga chumba mtaa wa Githurai 45 na watoto wawili wa dada yangu marehemu walikuwa wakinitegemea. Lakini nikwambie ukweli, sicho kilichoniuma zaidi. Kilichoniuma ni kwamba nilianza kufikiri labda sijui kazi. Labda miaka yote ile nilikuwa na bahati tu.

Sasa mtu kama mimi akiogopa, unafikiri analia? Anatafuta wa kugombeza. Jumatano asubuhi nikamwendea Nekoye, fundi mwenzangu, msichana mpole wa Bungoma ambaye tulianza naye kazi mwezi mmoja.

"Ni asidi," nikamwambia. "Umepima asidi vibaya."

"Nimepima mbele yako, Waithira. Mara tatu."

"Basi ni maji ya chuma! Umechanganya ya zamani!"

"Ya jana hayo. Wewe mwenyewe uliandika tarehe." Akaweka chini kile alichokuwa ameshika. "Na kama kuna mkono mbaya humu ndani, usidhani ni lazima uwe wangu."

Ngai! Hayo maneno yaliniingia. Nikapandisha sauti mpaka nadhani wa barabarani walisikia. "Mkono wangu? Mkono wangu?! Hebu nikufundishe basi, maana inaonekana hujui! Chuma kinashika fosfati! Hakichagui! Kinashika fosfati yoyote inayokuja mbele yake! Kama hakijashika ya maziwa ni kwa sababu wewe umeharibu asidi na..."

Kule kwenye sinki, bomba likafungwa. Maji yakanyamaza.

"Madam," akasema Mzee Muasya. "Hebu rudia hapo. Chuma kinashika nini?"

"Fosfati, Mzee. Wacha kwanza, tuna maneno hapa."

"Kuuliza si ujinga, Madam. Sasa kikishashika fosfati nyingine, hii yako ya maziwa itakaa wapi?"

Nikamgeukia nimfokee. Nikaona uso wake. Alikuwa ameshika aproni kwa mikono miwili, na macho yake hayakuwa kwangu, yalikuwa chini ya sinki.

"Kule kwa rangi," akasema polepole, "maji yakija na kutu, nguo nyeupe inatoka na madoa ya manjano. Tulikuwa na unga mweupe. Unautia kwa maji, unakamata kutu yote, nguo inatoka safi. Mkubwa wa rangi alikuwa anauita fosfati."

Akainama, akaingiza mkono nyuma ya ndoo, akatoa kopo la mafuta ya kupikia ya Kimbo. Akalifungua akaliweka mezani mbele yangu. Ndani kulikuwa na unga mweupe, umebaki nusu.

"Tangu lini?" nikauliza. Sauti yangu ilikuwa imeshuka yenyewe.

"Tangu Alhamisi iliyopita. Ulinigombeza juu ya madoa."

Woi. Nikakumbuka. Mtambo wetu wa maji safi ulikuwa unatoa kidogo kidogo, kwa hivyo chupa zilioshwa kwa maji ya kisima halafu zikasuuzwa kwa yale safi machache, na maji yetu ya kisima yalikuwa na chokaa, yakikauka yanaacha alama nyeupe. Alhamisi hiyo nilichukua chupa nikamwinulia usoni, mbele ya Nekoye, nikamwambia, "Mzee, hii ni chupa ya maabara ama ni ya uji? Sitaki kuona doa hata moja. Fanya unavyojua!"

Mzee Muasya akafanya anavyojua. Alipotoka kazini alipitia Thika kwa rafiki yake wa zamani wa kiwandani, akaomba ule unga, akaja nao kwenye kopo. Na kwa sababu kule kwa rangi unga ulikuwa unatiwa kwenye maji ya mwisho, naye akautia mwisho kabisa, baada ya yale maji safi, ili chupa zikauke bila doa. Na kweli ziling'aa. Haki ziling'aa! Nilimsifu Ijumaa. Nilimwambia, "Sasa umeanza kujua kazi."

Nilifungua mdomo wangu huu mkubwa. Nikapiga kelele: "Mzee! Umeniua!"

"Haya, nimekuua," akasema. "Sasa sema nioshe na nini."

Hakujitetea. Hakusema ni wewe uliyenigombeza. Wala hakusema mimi ni muosha vyombo tu, hayo ya fosfati nitayajulia wapi. Alisimama pale akiniangalia, akingoja kazi.

Nilichukua chupa moja ile inayong'aa, nikatia maji safi, nikazungusha, nikamimina yale maji kwenye mrija. Tone la asidi, nikachemsha kidogo, nikatia dawa ya kupimia fosfati. Tukainama sote watatu. Maji yakageuka buluu, buluu ya sweta ya shule. Kila chupa niliyoigusa ilikuwa hivyo. Punje zangu za chuma zilikuwa zimeshiba unga wa rangi kabla hata hazijayaona maziwa.

Nekoye alianza kucheka. Alicheka mpaka akashika meza. Mimi nikamwambia, "Nekoye, nisamehe. Nimekukosea sana."

"Nitakusamehe ukileta mandazi kesho. Na si mawili, Waithira. Nimetukanwa tangu asubuhi."

Tuliosha. Siku nzima tuliosha, na hapo ndipo nilipomjua Mzee Muasya ni nani. Mimi ningetia asidi, nikasuuza kwa maji mengi, basi. Yeye alinizuia mkono. "Hayo maji ni machache, Madam, usiyamwage yote mara moja. Tia kidogo, zungusha, mwaga, tena kidogo. Mara saba kidogo inashinda mara moja nyingi. Rangi ilinifundisha hiyo." Akafanya hivyo kwa kila chupa na kila mrija, na baada ya kila chupa alinipa maji ya mwisho niyapime. Buluu, anarudia. Buluu hafifu, anarudia. Mpaka maji yakakaa meupe pe. Wala hakuenda chai ya saa nne. Kikombe chake kilikaa pale kikapoa, nami nilipomwambia apumzike akasema, "Mficha maradhi kifo humuumbua. Nimeshayatoa, wacha niyatibu."

Punje nazo nilizinywesha dawa ya kung'oa chuma, zikarudi nyeupe kama zilivyozaliwa, nikazisafisha, kisha nikazipa chuma kipya kwa mrija ambao Mzee aliuosha kwa mkono wake mwenyewe. Zikashika rangi polepole kutoka juu kwenda chini.

Alhamisi asubuhi nilitoa ule mrija wa mwisho kwenye barafu. Nilimwita Mzee Muasya asimame karibu nami, na nikamweleza yote. Hii ni asidi, kazi yake ni hii. Hapa vinaingia. Hiki kilima kinachopanda sasa ni vile ambavyo hatuvitaki, usiogope, viache viende. Alisikiliza akiwa amefunga jicho moja kama anaangalia chupa. Kalamu ikashuka, ikalala. Nikasafisha mara mbili. Imelala bado, na hapo inatakiwa kulala. Halafu nikashika maji ya magadi, naye Nekoye akanishika kiwiko.

Nikamimina.

Kalamu ikaenda imelala. Ikaenda. Ikaenda. Nilikuwa nimeshaanza kutafuta maneno ya kumwambia Daktari. Halafu ikainuka. Kidogo kwanza, nikadhani ni meza imetikiswa. Ikaendelea kuinuka, ikafanya kichwa, ikashuka vizuri upande wa pili.

"Ndiyo hiyo?" akauliza Mzee.

"Ndiyo hiyo, Mzee."

"Ni ndogo."

"Ni ndogo lakini ndiyo!" Nikaangua kilio. Mimi, Waithira, mbele ya watu! Nekoye akakusanya matone kwenye mrija mdogo kwa sababu mimi sikuwa naona.

Ilibaki ile karatasi. Saa nane nilikaa nikaandika. Niliandika jina langu, Waithira Githinji, na chini yake sababu: niliagiza vyombo viondolewe madoa bila kueleza kazi yake na bila kuuliza vitaondolewa na nini. Usidhani nilikuwa shujaa. Niliandika haraka kwa sababu nilijua nikikaa dakika tano zaidi nitaandika jina lingine. Mzee alikuwa amebakiza miaka miwili astaafu.

Fomu ilitaka shahidi. Daktari Gachau akatuita sote ofisini, akampa Mzee Muasya kalamu aweke sahihi mahali pa shahidi. Mzee akatoa miwani mfukoni, ile yenye mkono mmoja uliofungwa kwa uzi, akaanza kusoma. Alisoma kila neno. Daktari akaangalia saa.

"Hapa umekosea, Madam," akasema Mzee hatimaye.

"Mzee, weka sahihi tu," nikamwambia nimeuma meno.

Hakuweka. Aliandika chini ya jina langu, kwa herufi kubwa kubwa, MUASYA, NILITIA UNGA BILA KUULIZA. Akarudisha karatasi kwa mikono miwili.

Daktari Gachau akaisoma. Akakunja uso. "Niliomba jina moja."

"Mimi ndiye nilitia unga, Daktari," akasema Mzee.

"Mimi ndiye nilimgombeza na sikumweleza," nikasema mimi.

Daktari akamgeukia Nekoye. "Na wewe pia unataka kuandika jina?"

"Hapana, Daktari. Mimi niligombezwa tu."

Sijui ni kile alichosema ama ni vile alivyokisema, lakini Daktari Gachau aliweka mkono usoni na mabega yake yakaanza kutikisika. Alicheka kwa muda. Halafu akajikaza, akachukua karatasi ile na kuikunja ndani ya faili. "Wafadhili watasoma majina mawili na sampuli moja nzuri," akasema. "Nikiwafukuza wawili nitarudi nikute nani anajua kosa hili lilivyotokea? Mtapata barua za onyo, kila mmoja yake. Na nikirudi nikute kwa ukuta pale juu ya sinki mmeandika namna ya kuosha. Mzee aseme, Waithira aandike. Si Waithira aseme. Tumesikia ya kutosha."

Ijumaa akapanda ndege na ule mrija kwenye chupa ya barafu. Baada ya wiki tatu faksi ikaja. Vipande vimeonekana, kumi na kimoja, safi, hakuna kelele. Mradi ukaongezwa miaka miwili, na Mzee Muasya akastaafu kwa mlango wa mbele, na keki.

Lakini nilichotaka kukwambia ni cha ile Alhamisi, baada ya kutoka ofisini. Nilimkuta nje ameketi kwenye ngazi, anakunywa chai yake. Nikaketi kando yake. Nikamwambia, "Mzee, asante." Halafu swali likanitoka, maana lilikuwa limenikaba tangu jana yake. "Lile kopo. Ungelimwaga tu kwa sinki, ungefungulia maji. Nani angejua? Vyombo ungeosha upya kimyakimya, kazi yangu ingetoka vizuri leo, na wewe usingekuwa na barua ya onyo. Kwa nini ulilitoa?"

Alikunywa kwanza. "Nilifikiria," akasema. "Nikiwa pale kwenye sinki, kabla sijaongea, nilifikiria kulimwaga. Lakini ningelimwaga, wewe usingejua kamwe. Ungebaki ukidhani mikono yako ndiyo mibaya. Nimekuona siku tatu hizi, msichana wangu, umeiweka chini ya meza, unaiangalia."

Nilikuwa naiangalia kweli. Nilidhani hakuna anayeniona.